Faiba inasema 155, swichi inasema 100, daunlodi inasoma 11: tatizo liko wapi?

Hii ni ya wale wanaoangalia namba za mtandao wao na kuona haziingiliani kabisa. Mkataba wa faiba unasema kitu kimoja, swichi ya ofisini inasema kingine, programu ya kupima spidi ina ya kwake, na faili unalodaunlodi linasoma kanamba kadogo mpaka unahisi umeibiwa. Wengi wakifika hapo wanapiga simu huduma kwa wateja, wanasikilizishwa mziki weee, mwisho wanaambiwa zima ruta uwashe tena. Mimi nasema kaa na hiyo namba kwanza. Kwenye haya mambo namba yenyewe ndo inakuonyesha pa kuangalia, mtu akiniambia "inagoma kwenye 94" na mwingine akasema "inagoma kwenye 40" hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa, na wala sihitaji kufika kwake kujua naanzia wapi.

Twende dalili kwa dalili, ruka uende kwenye inayofanana na yako.

Nimelipia mega 20, faili linashuka na 2 na kidogo

Hii ndo inaongoza na hamna kilichoharibika. Kampuni za mtandao zinauza kwa biti, Mbps yenye b ndogo. Simu yako, brauza na Windows vinahesabu faili kwa baiti, MB/s yenye B kubwa. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 20 gawa kwa 8 unapata 2.5, ukitoa na mizigo ya njiani (nitaielezea hapo chini) unabaki na kama 2.3. Ukiikosea hiyo hesabu inauma kweli: faili la GB 4, mtu anachukua 4000 anagawa kwa 20 anategemea dakika tatu na ushee, afu anakaa pale karibu nusu saa analaani.

Simu nyingi za Android zinaonyesha spidi pale juu kwenye kona kwa KB/s, sasa ukiona 2300 KB/s kwenye kifurushi cha 20 Mbps tulia, unapata haki yako yote.

Kuna mtego mwingine mdogo umejificha humohumo. Kwenye mitandao mega ni milioni moja kamili, iwe faiba iwe LAN (mtandao wa ndani ya ofisi au nyumba). Windows yenyewe upande wa mafaili inahesabu kwa 1024 ila inaandika MB vilevile, ndo maana hata diski ya TB 1 inasoma GB 931. Kwenye mega tofauti ni kama asilimia 5, kwenye giga inapita 7. Haitoshi kukufanya upige simu, ila inatosha kuwagombanisha mafundi wawili ambao wote wako sahihi.

Kifurushi ni 200 lakini kipimo hakivuki 94 au 95

Hii naipenda maana haina ubishi. Ukiona 94 na nukta, iwe asubuhi iwe saa nane usiku, iwe seva ya hapa nchini au ya nje, acha kuisumbua kampuni ya faiba, tatizo liko ndani kwako kati ya ruta na kompyuta. Kuna kipande kimoja cha njia kinaenda kwa 100 Mbps.

Kwa nini 94 na sio 100? Fremu ya ithaneti (kifurushi kimoja cha data kwenye waya) inabeba baiti 1500. Ndani ya hizo 1500 kichwa cha IP kinakula 20 na kichwa cha TCP kinakula 20, unabaki na 1460 za data yako. Nje yake kuna baiti 18 za anwani na ukaguzi wa makosa, 8 za kuamsha upande wa pili, na nafasi tupu ya baiti 12 kabla fremu nyingine haijaruhusiwa kupita. Jumla waya unashughulika na baiti 1538 ili wewe upate 1460. Ni kama lori kwenye mizani ya barabarani, pale linapimwa lori na mzigo wote pamoja ila wewe sokoni unauza mchele tu. 1460 gawa kwa 1538 ni asilimia 94.9, na hiyo ndo 94.9 Mbps yako. Kama mtandao unaingia kwa PPPoE (ile ya kuweka jina na nywila kwenye ruta) toa baiti 8 zingine, unashuka kwenye 94.4. Ukibadilisha iwe faili, 94.9 Mbps ni MB 11.9 kwa sekunde, na kwa hesabu ya Windows ni 11.3. Zikumbuke hizi mbili, 94 kwenye kipimo na 11 kwenye faili, ni mapacha.

Sasa chanzo. Cha kwanza ni ruta yenyewe, kuna ruta kibao zimeandikwa kwenye boksi 1200 kwa maandishi makubwa, hiyo 1200 ni jumla ya waifai zote mbili (300 na 867), afu matundu ya nyuma ni ya 100. Angalia karatasi ya ruta sehemu ya matundu, ikiandikwa 10/100 ndo basi tena, hamna setingi itakayokuokoa, badilisha ruta. Ikiandikwa 10/100/1000 endelea.

Cha pili ni waya. Ithaneti ya 100 inatumia jozi mbili tu za nyaya, pini namba 1, 2, 3 na 6. Ya 1000 inataka jozi zote nne. Kwa hiyo waya ukikatika jozi moja kati ya zile za 4, 5, 7, 8 mtandao hauzimi, unaendelea kama kawaida ila umeshuka kwenye 100 kimyakimya, na hapo ndo watu wanateseka miezi maana kila kitu "kinafanya kazi". Visababishi mimi naviona vilevile kila siku: fundi kakrimpu RJ45 (kile kichwa cha plastiki cha waya) haraka na pini moja haijagusa, panya katafuna kwenye dari, waya umebanwa na mlango, au mtu alitumia waya mmoja kugawa jozi mbili kwa kompyuta hii na jozi mbili kwa ile ili asinunue waya wa pili (mtindo huu ulikuwepo sana enzi za intaneti kafe na bado upo kwenye majengo ya zamani). Kingine ni nyaya za bei chee ambazo shaba yake ni alumini iliyofunikwa shaba kwa juu tu, kwenye umbali mfupi zinajitahidi, ukivuta mita 60 au 70 zinaanza kuyumba.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye Windows fungua taarifa za muunganisho wa ithaneti uangalie spidi ya linki, inasema 100/100 au 1000/1000. Kwenye Linux andika `ethtool eth0` usome mstari wa Speed. Ikiwa 100 badilisha waya kwanza, usibadilishe kitu kingine chochote kwa wakati huohuo maana ukibadilisha vitu viwili hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Gigabiti inaishia 940

Hakuna tatizo. Ni asilimia zilezile, 949 kwa hesabu ya juu, na kompyuta za Linux zinaongeza baiti 12 za muhuri wa muda kwenye kila pakiti kwa hiyo iperf3 (programu ya kupima spidi kati ya kompyuta mbili) inakupa 941. Faili linapita kwa MB 112 hivi kwa Windows. Mtu anayekuahidi 1000 kamili kwenye kipimo juu ya tundu la gigabiti anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ila ukiwa na gigabiti afu faili linaenda MB 35 kwa sekunde, angalia kama hujachomeka diski au adapta ya mtandao kwenye USB 2.0. Hiyo inasema 480 Mbps kwenye karatasi, kazini inakupa 30 mpaka 40 MB, haihusiani na faiba wala swichi.

Laptopu inasema waifai ni 300, kipimo kinasema 120, au 40

Namba ya waifai ni ya hewani, na hewani wote mnapokezana. Kifaa kimoja kikiongea wengine wananyamaza, kila pakiti inasubiri jibu la "nimepata", kwa hiyo ukipata nusu ya namba iliyoandikwa au zaidi kidogo uko vizuri. 300 hiyo ni ya 2.4 GHz ikiwa chaneli ni pana ya 40 MHz na antena mbili. Kwenye maghorofa ya Kariakoo au Sinza ambapo ukifungua orodha ya waifai inajaa skrini nzima, ruta inarudi yenyewe kwenye 20 MHz na namba inakuwa 144, simu yenye antena moja inakuwa 72, na nusu ya 72 ndo hiyo 36 au 40 unayoiona. Hamia 5 GHz, hapo antena mbili kwenye chaneli ya 80 MHz zinakupa 867, na hata nusu yake inazidi vifurushi vingi vya nyumbani.

Dalili ya pekee ni 54. Ukiona linki imekwama kwenye 54 kamili na vifaa vyote ni vya kisasa, fungua ruta uangalie usalama, kuna mtu aliweka WEP au TKIP. Viwango vipya vinakataa kwenda mbio na ulinzi huo wa kizamani, weka WPA2 yenye AES na namba inapanda hapohapo.

Kaboksi ka faiba kanasema 2.5 giga, mbona jioni napata 30?

Hapa kuna mambo mawili na watu wanayachanganya. Faiba nyingi za majumbani ni GPON (faiba moja inayogawiwa wateja wengi), na GPON inashuka kwa 2.488 Gbps na kupanda kwa 1.244. Ni namba ya mwanga unaotoka kituoni, na mwanga huo unapasuliwa na splita kwenda kwa majirani wote, mara nyingi 32 au 64. 2488 gawa kwa 32 ni 77.8, gawa kwa 64 ni 38.9. Sio kwamba umepewa 38, watu hawadaunlodi wote kwa pamoja, lakini saa mbili usiku wote wakiwa kwenye mpira au tamthilia hesabu inaanza kukaribia hapo. Jinsi ya kujua: pima alfajiri, pima saa tatu usiku, ukiwa umechomeka waya na sio waifai. Alfajiri 200 na usiku 30 ni msongamano wa upande wao, hiyo ndo simu halali ya kupiga. Alfajiri 30 na usiku 30 sio msongamano, rudi juu ukague kwako kwanza.

La pili, tundu la LAN la hicho kiboksi mara nyingi ni la gigabiti, wakati mwingine la 100 kabisa, kwa hiyo hata mwanga uwe 2.5 hakitoki zaidi ya 949.

Wale wanaonunua viboksi vilivyotumika mtandaoni wasikie na hii. Kuna GPON na kuna EPON. EPON mwanga wake unaenda 1.25 Gbps, GPON upande wa kupanda unaenda 1.244, kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni lugha mbili. 1.25 ni gigabiti ya ithaneti ambayo kila biti 8 zimetumwa kama 10, ndani yake kuna 1.0 safi. 1.244 ni nusu ya 2.488 ya wazee wa simu (utaikuta hapo chini kwenye STM-16). Dalili yake: taa nyekundu ya LOS imezima maana mwanga anaupata, lakini taa ya PON inapepesa milele haitulii. Ukishaona hivyo soma kibandiko cha nyuma kabla hujaanza kuhangaika na nywila.

Ofisi imenunua STM-1, ruta haifiki 155

Sasa tunaingia kwenye faiba ya wakubwa (STM-1 ni saizi ya linki kwa vipimo vya kampuni za simu), na hapa ndo kubadilisha namba kunakuwa kazi maana viwango vya faiba vilizaliwa kwenye simu za mezani na vya LAN vilizaliwa kwenye kompyuta. Sauti moja ya simu hupimwa mara 8000 kwa sekunde, kila mara biti 8, inakuwa 64 kbps. Ukifunga 32 za hizo unapata E1 ya 2.048 Mbps, ndo ile "mega 2" iliyokuwa inauzwa kwa bei ya kutisha. Marekani wao walifunga 24 wakapata T1 ya 1.544. Juu yake ikaja SDH, mfumo wa kubeba hizo zote kwenye faiba, kwetu na Ulaya, na SONET kule Marekani, na fremu zake bado zinatoka 8000 kwa sekunde: mistari 9, safu 270, kila kijumba baiti moja, piga 9 mara 270 mara 8 mara 8000 unapata 155,520,000. Hiyo ndo STM-1, na OC-3 ya Wamarekani ni spidi ileile.

Ngazi zake zote ni kuzidisha kwa nne tu:

STM-1 au OC-3: 155.52 Mbps
STM-4 au OC-12: 622.08 Mbps
STM-16 au OC-48: 2488.32 Mbps
STM-64 au OC-192: 9953.28 Mbps

LAN yenyewe inazidisha kwa kumi, 10, 100, 1000, 10000. Ndo maana hazikutani popote isipokuwa pale juu karibu na 10 giga, na hata pale hazigusani, tutafika.

Huku kwetu hizi STM sio hadithi za vitabuni. Waya wa baharini wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009 ukatua Dar na Mombasa, TEAMS ukaja mwaka huohuo kutoka Fujairah (Falme za Kiarabu), EASSy mwaka 2010, watoa huduma wa intaneti walikuwa wananunua kipande cha baharini kwa STM-1, na mikataba ya namna hiyo imebaki kwenye makabati ya ofisi nyingi. Sasa mhasibu anasoma 155, grafu ya ruta inalala juu kwenye 149 au chini yake, anauliza 6 imeenda wapi.

Haijaibiwa. Kwenye zile safu 270, 9 za mwanzo ni za kuongozea fremu na 1 nyingine ni ya kusimamia kifurushi chenyewe. Zinabaki 260, sawa na 149.76 Mbps. Ndani ya hiyo bado utatoa vichwa vya IP na TCP. Kwa hiyo mstari bapa kwenye 148 au 149 maana yake linki imejaa, imefika mwisho wake, na dawa ni kununua zaidi au kuzuia watu wanaosasisha Windows mchana. Mstari bapa kwenye 129 ni kitu kingine kabisa: STM-1 yako imekatwakatwa kuwa E1 63, na 63 mara 2.048 ni 129.02. Hapo kuna mtu kwenye kituo cha kati kaipanga hivyo, mwombe aifanye kipande kimoja. Na kwenye E1 moja mstari bapa kwenye 1.98 ni kawaida, nafasi moja kati ya 32 ni ya kuweka fremu sawa, zinabaki 31.

Wengine hawakupewa STM bali wamepewa tundu la ithaneti, ila huko nyuma njia bado ni SDH. Dalili yake ni namba za ajabu zisizo za LAN. Ithaneti ya 100 ikipitishwa kwenye vikontena viwili vya VC-3 (VC ni kikontena ambacho SDH inabebea mzigo) inapata 96.77, hapa ukubwa wa fremu unachezacheza kidogo ila huwezi kujaza 100. Ikipitishwa kwenye VC-12 46 inapata 100.1, inatosha. Ikipewa kikontena kimoja tu cha VC-3 unakwama kwenye 48 na kitu, na hii ya 48 nimeiona: swichi zote mbili zinasema 100, hakuna kosa hata moja kwenye waya, afu spidi haizidi 46 au 47 usiku na mchana, kila fundi anaapa kwake kuko sawa na kweli kuko sawa. Muulize mtoa huduma moja kwa moja, "mmenipangia VC ngapi?" Swali hilo linakuvusha yule wa kwanza aliyepokea simu. Gigabiti nayo inataka VC-4 saba (1048 Mbps), haiingii kwenye STM-4, kwa hiyo anayekuambia anakupa gigabiti kamili juu ya STM-4 mwambie 622 ni ndogo kuliko 1000.

Mwanga upo, kipimo kinasoma vizuri, linki haipandi

Umechomeka moduli ya SFP (kale kanakoingia kwenye tundu la swichi kutuma na kupokea mwanga), mita ya mwanga inasoma -8 dBm, hakuna uchafu, ila taa ya tundu imekufa. Kwenye waya wa shaba vifaa vinaulizana "wewe unaenda ngapi?" na kukubaliana. Kwenye mwanga hawaulizani spidi, ukituma 1000 na mwenzio anasubiri 100 mtatazamana tu mpaka asubuhi.

Na kinachotakiwa kulingana ni mapigo ya mwanga, sio jina la kibiashara. Ithaneti ya 100 inapiga 125 kwa sababu biti 4 zinatumwa kama 5. Ya 1000 inapiga 1250, 8 kwa 10. Ya 10 giga inapiga 10312.5, hapo biti 64 zinatumwa kama 66. STM-64 inapiga 9953.28. Hizi mbili za mwisho ndo zinaua watu, mteja anaambiwa "tunakupa 10G", anachomeka moduli ya kawaida ya 10GBASE-LR, upande wa pili ni WAN PHY, ile ithaneti iliyopunguzwa ili ikae ndani ya STM-64. Mwanga unafika, mapigo hayalingani, linki hamna. Badilisha setingi ya tundu iwe WAN kama swichi inaruhusu (nyingi za bei nafuu haziruhusu), au mwombe mtoa huduma aweke LAN PHY (ithaneti ya 10 giga ya kawaida). Ikishapanda kwa WAN usitegemee 10: nafasi ni 9.585, ukitoa zile 64 kwa 66 unabaki na 9.294 Gbps, na hiyo ndo namba ya kuandika kwenye mkataba.

Kabla ya yote hayo lakini hakikisha moduli zako za nyuzi moja ni jozi, moja inatuma 1310 na nyingine inatuma 1550 au 1490. Mbili za aina moja haziwezi kusikilizana hata ufanyeje.

Pingi iko safi, imeili zinafunguka, faili kubwa linatambaa

Hii ndo mbaya kuliko zote maana kila kitu kinaonekana kizima. Linki imepanda, inasema 100, pingi inarudi bila kupotea, ila ukituma kitu kikubwa unapata 2 au 3, kupakia kunakuwa kubovu zaidi au kudaunlodi kunakuwa kubovu zaidi, upande mmoja tu. Chanzo karibu kila mara ni kale kabadilishaji ka faiba kwenda shaba kalikofungwa ukutani. Aliyefunga alikaweka 100 fulu dupleksi (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) kwa mkono. Swichi yako iko kwenye oto, inauliza, haijibiwi, inatambua spidi kuwa ni 100 lakini kuhusu dupleksi haina la kufanya, kanuni inaiambia ikikosa jibu ichukue hafu (kupokezana). Sasa mmoja anaongea muda wowote anaotaka na mwingine anaamini lazima wapokezane, pakiti moja moja za pingi zinapita, mzigo ukiwa mzito wanakanyagana.

Ushahidi uko kwenye vihesabio vya swichi: upande wa hafu utaona migongano ya kuchelewa inapanda, upande wa fulu utaona makosa ya CRC (fremu zilizofika zimeharibika). Kwenye Linux `ethtool` itakuandikia Duplex: Half. Dawa ni pande zote mbili oto, au pande zote mbili fulu kwa mkono, nusu nusu hapana. Mimi naenda na oto siku zote, na kwenye gigabiti ya shaba oto ni lazima kwa mujibu wa kiwango chenyewe, tabia ya kufunga spidi kwa mkono ni urithi wa miaka ya 90 ambao umebaki kwa wazee wa kazi.

Seva ya hapa inatoa 95, seva ya Ulaya inatoa 3.5

Kila kitu hapo juu umekagua na kiko sawa. Linki ni 100, dupleksi ni fulu, kipimo cha seva ya Dar kinasoma 94.9. Ukivuta bakapu kutoka seva ya Frankfurt unapata 3 na nusu. Hapa namba inatoka kwenye umbali. TCP inatuma kiasi fulani cha data inasimama kusubiri jibu, na kiasi hicho (kinaitwa dirisha) kwa vifaa na programu za zamani ni KB 64. Safari ya kwenda na kurudi tuseme milisekunde 150. 65,535 mara 8 gawa kwa 0.15 unapata 3.5 Mbps, na itabaki 3.5 hata ukinunua STM-64 nzima peke yako. Ili ujaze 100 kwa umbali huo inabidi karibu MB 1.9 ziwe njiani kwa wakati mmoja.

Windows na Linux za sasa zinapanua dirisha hilo zenyewe, kwa hiyo ukikutana na hii mshukiwa ni VPN ya zamani, fayawoli inayofuta hiyo sehemu kwenye vichwa vya TCP, au programu ya bakapu yenye setingi ya bafa iliyoandikwa 65535. Jaribu `iperf3 -c` anwani ya seva, afu rudia ukiongeza `-P 8` ili zipite njia nane kwa pamoja. Zikijumlisha 28 badala ya 3.5 umepata jibu, linki haina shida, kuza bafa au toa hiyo fayawoli njiani. Zikibaki 3.5 zote nane kwa pamoja basi kuna mtu kakubana mahali kati ya hapa na baharini, hapo ndo upige simu, na uwatumie vipimo vyote viwili kwenye imeili kabisa.